Mlenda wa Kilima Kipara

Hakuna binti aliyezaliwa Kondoa anayeweza kuharibu kazi ya kukausha majani. Hayupo, na kama yupo basi mama yake alimwokota njiani. Sisi tunakausha mlenda, tunakausha kunde, tunakausha mgagani, na kiangazi kikija wenzetu wanalilia mboga, sisi tunafungua kibuyu. Tukabidhi jani bichi asubuhi, jioni utalikuta kavu, limetulia, linangoja maji ya moto. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Daktari Evelina huku najipiga kifua, na yeye, maskini ya Mungu, akaniamini.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, msije mkaniulizauliza katikati.

Mimi naitwa Munira. Kidato cha nne nimemaliza, cheti ninacho, na divisheni yake ni siri yangu na Mwenyezi Mungu. Baada ya hapo nilikaa Dodoma mjini, nikiuza viungo na nafaka Majengo dukani kwa Mama Nargis, mama wa Kihindi anayejua bei ya iliki hata akiwa usingizini. Daktari Evelina aliingia pale siku moja, akaipita pilipili manga, akaupita mdalasini, akauliza kama tuna magazeti ya zamani. Mzigo mzima.

"Unafungua genge la maandazi, dada?" nikamuuliza.

"Nalazia mimea," akasema.

Nikajua huyu kachanganyikiwa vizuri, na watu wa aina hiyo mimi nawapenda. Kumbe ni mtaalamu wa mimea. Nilipompelekea mzigo wake ofisini, mtaa wa Kikuyu mle mle Dodoma, akanifungulia kabati. Jamani. Chumba kilikuwa kimya, madirisha yamefungwa nusu, hewa inanuka nyasi kuukuu na dawa ya nondo. Kabatini kulikuwa na makaratasi makubwa, na juu ya kila karatasi mmea umelala, mikono imetanuliwa, shingo imepinda kidogo, kama watoto waliopitiwa na usingizi mkekani. Chini ya kila mmoja jina lake, mahali alipochumwa, siku aliyochumwa na aliyemchuma. Wengine wamelala humo tangu babu yangu hajatahiriwa. Nikajikuta natembea kwa ncha za vidole, nanong'ona.

"Wanaota nini hawa?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. "Wanaota kwao," akasema. "Ndiyo maana tunaandika walikotoka. Mmea ukiuandikia kwao kusiko kwake, umeupoteza mara mbili."

Kisha akanitolea karatasi moja isiyo na jina. Juu yake jani moja tu, umbo la sikio la mwanambuzi, limejaa vinyweleo vya rangi ya fedha. Aliliokota miaka iliyopita, na tangu hapo anatafuta mmea wake ukiwa na ua, maana mimea ni kama watu wa harusini: mpaka ulione ua ndipo utasema huyu ni wa ukoo wa nani. Alishawaulizia wenzake wa nchi nyingine wenye makabati kama lake. Wote walijibu hawaujui.

"Uliliokota wapi?"

"Mbele ya Kondoa. Kuna kilima kinaitwa Kipara."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Daktari, hicho kilima nimekichungia mbuzi! Kiko nyuma ya nyumba ya bibi yangu. Hilo jani mbuzi wetu wamelila mpaka wakaota ndevu."

Akanishika mkono, macho yamemtoka. "Kwenu mnaliitaje?"

"Kwetu tunaliita…" Nikafikiri. Nikafikiri tena. "Majani."

Basi nikaombewa ruhusa kwa Mama Nargis, na mvua za kwanza zilipoanza kutishia tukaondoka Dodoma na gari la ofisi, Daktari mbele, mimi nyuma na mafurushi ya magazeti. Dereva alikuwa Stanley, Mgogo wa Bahi, mtu mwenye tumbo la heshima na ulimi usio na heshima hata kidogo. Tulianza kutaniana kabla hatujaumaliza mji, na mpaka tunaiona milima ya Kondoa ikielea kwenye ukungu kama ng'ombe waliolala, alikuwa ameshaniposea wajomba wake wawili na nimewakataa wote.

Bibi yangu Sikudhani alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko mjini wamekuficha sufuria?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu. Kwa hiyo mimi na bibi ni wake wenza, na babu Hasani, aliyetangulia mbele ya haki zamani, mpaka leo tunamgombania. Bibi akamtazama Daktari kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Na huyu umemleta awe wa tatu?"

"Mimi nimefuata majani tu, bibi," Daktari akajibu kwa adabu.

"Ndivyo mnavyoanzaga wote."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri ardhi yote ilikuwa inatoa moshi, ile harufu ya vumbi lililoshiba maji imejaa mpaka kwenye mito ya kulalia, na tulipoanza kupanda Kilima Kipara nilihisi kama tunapanda ndani ya ndoto ya mtu mwingine, mtu mtaratibu, asiye na haraka ya kuamka. Mawe yalikuwa yanang'aa. Konokono walikuwa barabarani kama wana mkutano. Upande wa pili wa kilima ulikuwa haupo tena: kampuni ya kokoto ilikuwa imeshaula, umebaki ukuta mweupe wa jiwe na makatapila yaliyolala chini yake. Mji wa Dodoma unajengwa, na mji unakula milima.

Tuliukuta kwenye ufa wa jiwe, karibu kabisa na ukingo. Majani yale yale ya sikio la mwanambuzi, na katikati ua moja, dogo kuliko punje ya hindi, rangi ya chai ya maziwa, na ndani lina mstari wa zambarau mwembamba kama umechorwa kwa unywele. Lilikuwa linafunguka mbele ya macho yetu. Daktari alipiga magoti kwenye tope.

"Daktari, kwa heshima zote," Stanley akasema akihema, "tumeunguza mafuta kutoka Dodoma kwa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kikipata jina kitafaidi nini? Kitapiga kura?"

"Stanley, waliopima kilima hiki kabla ya kukipasua, unajua waliandika nini juu ya vilivyoota huku?"

"Nitajuaje?"

"Nimeisoma taarifa yao. Waliandika 'vichaka'. Neno moja, basi. Kichaka hakina ndugu wala hakiulizwi kilikwenda wapi. Wewe ungekuwa umeandikwa 'mtu', siku ukipotea watatangaza kapotea nani?"

"Mke wangu atasema asitafutwe."

Hata Daktari akacheka. Lakini Stanley, nadhani kwa kuona aibu kidogo, akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya korongo, kwenye kilima kingine kilichovaa ukungu mabegani. "Wakimaliza hiki wanahamia kile. Vijana wao wameniambia jana."

"Kilima cha Nyuki," nikasema. "Hapandi mtu kule. Ukipanda, unashuka na kichwa cha mtu mwingine."

"Hata mimi wenyeji walinikataza," Daktari akasema. "Ningejua mmea huu upo na kule, ningekuwa na la kusema mbele yao. Jina peke yake halisimamishi katapila. Lakini bila jina hata sentensi huna pa kuianzia." Akaufuta ule mmea tope kwa kidole kidogo. "Kipara hakiponi tena. Angalau wa hapa tuuandike."

Mingine miwili mitatu jirani haikuwa na ua. Akaiacha iendelee na maisha yake. Ule mmoja akaung'oa na mizizi yake, akaufunga uzi wenye kikaratasi cha namba, akaulaza katikati ya magazeti, akabana kwa mbao zake mbili za kukandamizia na mikanda. Ulilala juu ya habari za mpira, timu yangu ikiwa imefungwa. Nikauambia pole.

Mchana huo klachi ya gari ikagoma. Ikabidi Daktari na Stanley wadandie lori la alizeti kwenda Kondoa mjini kutafuta kifaa na fundi, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyemelea tena, zile mbao zikabaki kwangu.

"Nisikilize, Munira. Usiuanike juani. Unakaa humu humu, umebanwa. Kila siku unatoa magazeti yenye unyevu, unaweka makavu. Polepole. Jua litaukunja na majani yatapukutika. Picha ninazo, lakini jina halikai juu ya picha, linakaa juu ya mmea wenyewe, uliokauka vizuri, wa kuwekwa miaka mia. Nao ni huu mmoja."

Hapo ndipo nilipojipiga kifua na kusema yale ya binti wa Kondoa.

Lori halijafika hata barabara kuu, Kipara kikanguruma kwa baruti. Vyombo vya bibi vikacheza kabatini. Tulitoka nje tukaona vumbi jeupe linapanda polepole, linageuka, linakaa angani kama linafikiria pa kwenda, halafu likashuka juu ya mahindi, juu ya kuku, juu ya kope zetu. Ule ukingo wenye ufa ulikuwa hauonekani. Hata vumbi lilipotulia, haukuonekana.

Sasa hapa nisikilizeni kwa huruma.

Asubuhi yake nilifungua mbao nikakuta magazeti yamelowa chapachapa, na makavu hayakuwepo, kwa sababu paa la bibi linavuja na mimi furushi nililiweka hapo hapo linapovujia. Nje jua limetoka, lile jua la baada ya mvua, jua lisilo na adabu, bati linatoa mvuke. Nikawaza: huyu Daktari kasoma sana, lakini kukausha majani atanifundisha mimi? Nikautandaza ule mmea juu ya jamvi, vizuri kabisa, uzi wake na kikaratasi chake, pembeni ya mlenda wa bibi, na majiwe madogo pembeni upepo usiuchukue. Kisha nikaenda sentani, kule madukani, kuchaji simu.

Simu ilikuwa na foleni. Foleni ilikuwa na umbea. Niliporudi jua lilikuwa utosini, jamvi limekunjwa, na bibi amepakua: ugali wa uwele na mlenda wa karanga, mzito, unavutika mpaka kwenye kiwiko. Nilikula, nikaongeza. Kulikuwa na uchachu fulani kwa mbali, kama ndimu iliyopita karibu na chungu bila kuingia.

"Bibi, leo umeuweka nini? Mtamu huu!"

"Ni yale majani yako."

Tonge likasimama njiani. "Majani yangu yapi?"

"Yale uliyoanika pembeni. Nikakuta yamefungwa uzi, na kikaratasi juu. Nikasema ama kweli mji umemfundisha mke mwenzangu, anafunga mafungu kama ya sokoni. Nikayachanganya na yangu, nikatwanga."

"Na kikaratasi?"

"Nimewashia moto."

Niliweka mkono kichwani, ule ule wenye mlenda. Nikamweleza bibi kila kitu: kabati, ua, kilima, kwamba duniani hakuna mwenye jina la huo mmea, kwamba hakuna hata anayejua kama ni chakula au ni sumu.

Bibi akatafuna, akameza, akafikiri.

"Kama ni sumu, mimi nimeanza kula kabla yako. Subiri zamu yako, mke mdogo."

Nikaenda kujilaza nifie ndani. Kwa kweli nilikuwa naingoja mauti: mikono nimeikunja kifuani, nasikiliza tumbo. Tumbo lilikuwa limefurahi. Nje matone ya mwisho yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, moja, halafu muda, halafu jingine, na kati ya tone na tone usingizi ukanichukua.

Nikaota niko kwenye ofisi ya vitambulisho. Foleni imetoka mlangoni, imeshuka kilima, imevuka korongo, na waliopanga foleni wote ni mimea. Migunga imejikunja miiba isiwachome wenzao. Mkwaju mmoja mzee ameshika bahasha kwapani. Nyasi zimekuja familia nzima, zinasukumana na kucheka. Dirishani yupo karani, sura yake kama ya Mama Nargis, anauliza bila kuinua macho: jina, kwenu wapi, nani anakufahamu. Anayejibu anapigwa mhuri, majani yake yanang'aa kidogo, anaondoka. Na mwisho kabisa wa foleni kuna kadogo, masikio ya mwanambuzi, ua limefumba. Kila foleni ikisogea, kenyewe kanabaki pale pale. Hatimaye kakafika. Jina? Kakanyamaza. Kwenu wapi? Kakageuka kutazama nyuma, na nyuma palikuwa na vumbi jeupe tu, limekaa angani. Nani anakufahamu? Kakainua uso, kakanitazama mimi. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Nikataka kusema namfahamu, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa mlenda, unavutika, unavutika, na kadiri ninavyoumeza ndivyo kenyewe kanavyopungua.

Nikaamka jua linazama, sijafa.

Nisiwadanganye kwamba niliamka mtakatifu. Niliwaza uso wa Daktari atakapofungua zile mbao na kukuta habari za mpira. Hapo ndipo nilipokumbuka Kilima cha Nyuki. Mbuzi wetu hawakuwahi kupanda kule, wala moto, wala mtu. Na kisichopandwa na mbuzi, majani yake yanabaki.

Alfajiri nikajitanda kanga ya bibi mpaka puani, nikavuka korongo. Mchanga ulikuwa baridi, una alama za ndege tu. Wazee husema nyuki wa kule hawapendi mambo mawili, manukato na maneno. Manukato sina. Maneno ndiyo maisha yangu. Nilipanda nimeubana mdomo, na kwa kuwa sikusema kitu nilianza kusikia vitu: maji yakijisogeza chini ya mawe, kumbikumbi wakipasua udongo, na juu ya vyote ule mvumo wa nyuki, mzito, wa mbali, kama kilima chenyewe kinakoroma. Ukungu ulikuwa unanipita kiunoni. Kuna wakati sikuona miguu yangu, nikatembea kwa kuamini kwamba ipo.

Kisha jua likachungulia, ukungu ukafunguka, nikauona mteremko.

Ulikuwa umejaa. Katika kila ufa, masikio ya mwanambuzi, ya fedha, yameshika umande, na maua yanafunguka kwa pamoja, taratibu, kuanzia juu kunakopata jua kwanza mpaka chini miguuni kwangu, kama kilima kinafumbua macho elfu. Rangi ya chai ya maziwa kila mahali. Nikasahau nilichofuata. Nilikaa juu ya jiwe nikatazama, na sikuwa na utani wowote wa kuwatania.

Nikang'oa mmoja. Nilipoinuka nikasema, "Samahani." Neno moja tu! Nyuki mmoja akaja moja kwa moja akanidunga kwenye mdomo wa juu, na wenzake wakaanza kujadiliana. Nilishuka kile kilima kwa namna ambayo sitaieleza, mimi ni binti wa watu.

Nyumbani nikachomoa uzi kwenye kanga nikaufunga, nikaandika kikaratasi kipya kwa mwandiko wa Daktari, nikaomba magazeti makavu kwa muuza duka, nikaubana, na juu ya mbao nikaweka jiwe la kusagia la bibi. Siku iliyofuata nikabadilisha magazeti mara nyingi kuliko nilivyowahi kubadilisha chochote.

Mchana lori likawarudisha wageni wetu, na fundi amekaa juu ya magunia. Bibi alikuwa shambani anapanda. Nikashukuru.

Daktari hakuja kwangu kwanza. Alipanda Kipara peke yake. Aliporudi alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka nyusi, akakaa kwenye kigoda, akanawa mikono muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Hakuna tena," akasema. "Hata ile midogo."

Stanley akavua kofia. Kisha akaniona. "We Munira, huo mdomo umebusu nini?"

"Umevimba kwa kuwasifia Wagogo."

Daktari akafungua mikanda. Akainua gazeti la juu kama anamfunua mtoto mchanga. Mmea ulikuwa umelala vizuri, majani yametanuka, ua limebaki wazi na mstari wake wa zambarau. Akaweka kiganja juu yake bila kuugusa.

"Bado laini kidogo."

"Mvua, Daktari. Unyevu."

"Umeutunza, Munira. Mungu akubariki. Sijui ningefanya nini." Macho yake yalikuwa yamelowa na vumbi limetengeneza njia mbili mashavuni. Akachukua kalamu, akaweka karatasi ya lebo juu ya goti. "Basi nauandika. Unapata jina ukiwa umeshaondoka, lakini unalipata. Mahali pekee unapojulikana: Kilima Kipara, Kondoa." Akatazama ng'ambo ya korongo. "Na kile cha Nyuki sina neno la kukisemea. Watakipasua baada ya masika, nao wataandika vichaka."

Kalamu ikaanza kutembea. Mimi niliitazama ile kalamu, nikamtazama mmea, na nikaona wazi kabisa, mchana kweupe, ule mteremko wote ukifumba macho elfu mara moja. Kumwambia huu kwao ni wapi, ilibidi nimwambie kwanza ule wa Kipara ulikwenda wapi. Nikafungua mdomo wangu uliovimba.

"Daktari," nikasema, "mnakunywa chai?"

Hapo bibi akatokea nyuma ya nyumba, jembe begani, mkononi ana kibuyu kidogo kilichofungwa kwa gunzi. Akaamkiwa, akaitikia, akamkabidhi Daktari kwa mikono miwili.

"Mgeni haondoki kwangu mikono mitupu. Huo ni mlenda, mwanangu. Ule mmea wenu wa uzi na kikaratasi umo humo, ndio unaoupa uchachu. Uliza mke mwenzangu, alilamba mpaka chungu."

Kalamu ikasimama. Daktari akatazama kibuyu. Akatazama mmea uliolala gazetini. Stanley akavaa kofia, akaivua tena.

"Munira," Daktari akasema polepole, "kama ule umo humu, huyu kwao ni wapi?"

Nikaangalia kuku.

"Anaulizwa kwao wapi naye ananyamaza!" bibi akasema, akiweka jembe chini. "Si jana alfajiri nimemwona kwa macho yangu anashuka Kilima cha Nyuki, kanga yangu kichwani, anakimbia kama kaiba mume wa mtu?"